Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: uboho wangu uko hapa, mapafu ya dada yangu yanaisha

Kwa Waziri wa Afya, kwa magavana wa kaunti zetu za ziwa na za magharibi, kwa wakubwa wa hospitali za rufaa Kisumu, Eldoret na Nakuru, na kwa wabunge mnaokaa kwa kamati ya afya. Nawasalimu kwa heshima.

Mimi nauza mitumba hapa Kibuye, Kisumu. Sio daktari, lakini miaka minne sasa nimekaa kwa mabenchi ya kliniki na dada yangu mdogo mpaka manesi wakibadilishana zamu wananiuliza mimi alipewa nini mara ya mwisho na kipimo gani. Yeye ana miaka 24. Alizaliwa na sikoseli, wengine wanaita selimundu, na saa hii anaishi na mashini ya oksijeni kando ya kitanda.

Wiki tatu zimepita stima ikapotea Manyatta saa nane usiku. Ile mashini ikalia mlio mmoja mrefu halafu ikanyamaza, na kimya chake ndicho kilituamsha sote. Tukafungua silinda ya akiba, mshale ulikuwa umelala kwa nyekundu. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti, mdomo wazi, haongei, kile kidude cha kubana kidole cha kupima oksijeni ya damu kikasoma 88, nikawasha simu nimulike, kikasoma 79, nikakitoa na kukirudisha nikidhani kimekosea, kikasoma 74. Kaka yangu akatoka bila viatu akaenda kugonga kwa jirani, fundi wa welding, huyo ndiye mwenye jenereta huku kwetu, na yule mzee wa watu akaamka na shuka kiunoni, akaiwasha, wakavuta waya mrefu kutoka kwa karakana yake, ukapita juu ya mtaro, ukaingia kwa dirisha letu. Mashini ikaanza kupumua tena. Tulikaa hivyo mpaka saa kumi na mbili asubuhi, mimi nimeshika plagi na mkono juu soketi imelegea, na yule fundi amekaa nje na galoni ya petroli anangoja isiishe.

Nawaandikia kwa sababu ya huo usiku, lakini sio kuomba oksijeni peke yake. Kuna jambo lingefanywa miaka mingi nyuma ambalo lingezuia tusifike hapo kabisa, na bado linaweza kuwazuia watoto wengine wengi wa huku kwetu wasifike.

Mtu wa sikoseli, seli zake nyekundu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwa mishipa midogo. Watu wengi wanajua maumivu ya mifupa tu, wakisikia mtoto analia usiku wanajua ni hiyo. Kifua hawakijui. Zile seli zinakwama hata kwa mishipa ya mapafu, mtoto anashikwa na homa na kifua, analazwa, anapewa damu na antibayotiki, anatoka, watu wanasema alikuwa na numonia amepona. Dada yangu "alipona numonia" mara saba nikihesabu kwa vitabu vyake vya kliniki. Kila mara pafu linaacha kovu, na presha ya damu inayopita kwa mapafu inapanda, moyo upande wa kulia unafanya kazi ya punda. Alipofika miaka 20 hakuweza kupanda ngazi za kanisa. Sasa hawezi kutoka kitandani hadi choo bila ile paipu puani.

Na huu ugonjwa ni wetu, wakubwa wetu. Hii kanda ya ziwa na magharibi ndio nyumba ya malaria, na mtu aliyebeba nusu tu ya sikoseli malaria haimuui kirahisi, ndio maana hii kitu ilikaa kwa damu zetu vizazi na vizazi. Tuliilipia malaria na watoto wetu.

Sasa nisikilizeni hapa.

Sikoseli inapona. Sio kutulizwa, kupona. Ukitoa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa ndugu yake anayelingana naye ukampandikiza, uboho mpya unatengeneza damu mpya na zile seli za mundu zinaisha. Hii ilijulikana tangu 1984 huko Marekani, msichana mmoja alikuwa na sikoseli na saratani ya damu pia, wakampandikiza uboho kwa ajili ya saratani, sikoseli nayo ikaondoka. Miaka arobaini na zaidi. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kwa nne ya kulingana kamili na mgonjwa kwa zile alama za seli zinaitwa HLA, na ndugu aliyebeba nusu tu bila ugonjwa anakubaliwa kutoa. Hebu fikirieni familia zetu za huku, watoto sita, saba. Sisi tuko sita.

Lakini hakuna mtu alituambia tupimwe akiwa mdogo. Tulianza kuuliza alipokuwa na miaka 22 na mapafu tayari yamechakaa. Tukachanga, mama akauza ng'ombe, tukatolewa damu sisi watano kwa hospitali moja ambayo sitaitaja, tukaambiwa sampuli inapelekwa mbali kwa sababu hapa hakuna mashini. Tukangoja wiki tano. Kupiga simu tukaambiwa sampuli zilikaa njiani zikaharibika, mtolewe tena, na mlipe tena. Simlaumu yule kijana wa maabara aliyetuambia, alikuwa anaongea akiangalia chini. Tukachanga mara ya pili.

Ya pili ilirudi. Ni mimi. Mimi ndio nalingana na dada yangu kamili.

Nilikimbia na ile karatasi. Daktari wake akaisoma, akaiweka mezani, akavuta kiti akakaa karibu na sisi, na nikajua. Akasema, mama, ili mwili wake uupokee uboho wako lazima tumpe kwanza kemo, zile dawa kali, ya kufagia ule wa zamani, na mapafu haya hayawezi kustahimili hiyo. Nikamuuliza, basi apewe mapafu mapya kwanza? Akasema Kenya hakuna mahali wanabadilisha mapafu, watu wanaenda India, na hata huko mtu mwenye damu kama hii atakataliwa kwa orodha, kwa sababu damu ile ile itaanza kuharibu mapafu mapya kama ilivyoharibu ya zamani.

Nimelirudia hilo jibu kichwani mara nyingi sana. Mapafu mabovu yanamzuia kupata uboho. Uboho mbovu unamzuia kupata mapafu. Mlango huu umefungwa na ufunguo wake uko ndani ya ule mwingine, na ule mwingine ufunguo wake uko ndani ya huu.

Nikaanza kusoma. Usiku, kwa simu, na kuuliza madaktari wanafunzi wanaopita wodini, wengi wao ni vijana wazuri sana na wananieleza bila kuchoka. Na nikagundua kuna watu wameshafungua hiyo milango miwili kwa pamoja.

Lakini kwanza mjue shida ya mapafu ya kupandikizwa yenyewe. Pafu la kwanza kupandikizwa kwa binadamu lilifanywa Mississippi mwaka 1963, na mgonjwa aliishi siku 18. Ikachukua mpaka 1983, huko Toronto, ndio mtu akaishi vizuri nalo. Na mpaka leo, waliopandikizwa mapafu, nusu yao hawavuki miaka sita hivi, wakati figo ya kupandikizwa inaweza kudumu zaidi ya miaka kumi. Kwa nini? Pafu liko wazi. Kila pumzi inaingiza vumbi na moshi na vijidudu, kwa hivyo limejaa askari wa kinga, na askari wa mwenye mwili wakiona pafu la mtu mwingine hawakubali. Mgonjwa anapewa dawa za kutuliza kinga maisha yake yote, takrolimasi na wenzake, hizo dawa zinachosha figo, zinaleta kisukari, zinafungulia maambukizi, na bado polepole mwili unalikataa pafu, vile vijia vidogo vya hewa vinaziba kwa kovu hadi mtu anarudi pale alipoanzia.

Sasa uboho unaingia hapo. Askari wa kinga wanazaliwa kwa uboho. Pafu likitoka kwa mtu fulani na uboho ukatoka kwa mtu huyo huyo, basi wale askari wapya wanalijua hilo pafu, ni la kwao, hawana sababu ya kulipiga.

Hii nilimweleza baba yetu, yeye ni mzee wa ng'ombe kule Vihiga, na alielewa haraka kuliko mimi. Mnajua ng'ombe akizaa mapacha, dume na jike, wazee wanasema yule jike usimweke wa kuzaa, mara nyingi ni tasa. Sababu ni kwamba wakiwa tumboni damu zao zinachanganyika. Mwaka 1945 mtu mmoja anaitwa Ray Owen huko Wisconsin alipima damu ya mapacha wa ng'ombe akakuta kila mmoja amebeba damu aina mbili, yake na ya pacha wake, na inakaa hivyo hata akiwa mkubwa, mwili haugombani nayo. Halafu Peter Medawar na wenzake Uingereza wakaona ng'ombe hao wakipandikizwa ngozi ya pacha wao, ngozi inashika. Mwaka 1953 wakafanya hivyo kwa panya, wakamwingizia panya ambaye hajazaliwa seli za panya mwingine, alipokua akapokea ngozi ya yule panya bila shida. Medawar alipewa Nobel 1960 kwa kazi hiyo. Baba akanyamaza kidogo, akasema, kumbe ile kitu tulikuwa tunaona zizini.

Ndio hiyo, baba. Na wamekuwa wakiileta kwa binadamu polepole sana. Miaka ya 1990 huko Pittsburgh, Marekani, walijaribu kumwaga uboho wa mtoaji kwa damu ya mgonjwa wakati anapandikizwa kiungo, mapafu yakiwemo. Boston na Stanford, Marekani pia, wakafanya kwa figo, na kuna watu wakaacha dawa kabisa. Mwaka 2022 Stanford waliandika juu ya watoto watatu wenye ugonjwa nadra wa kinga na figo, walipewa seli za uboho za mzazi kwanza, baadaye figo ya mzazi huyo huyo, na wakaishi nayo bila dawa za kutuliza kinga. Mzazi analingana na mtoto nusu tu. Nusu ilitosha. Someni hapo mara mbili, waheshimiwa, kwa sababu kila mtoto mwenye mzazi hai ana mtu wa nusu.

Na Japani, kule Kyoto, wamewahi kuchukua kipande cha pafu kwa ndugu aliye hai wakampandikiza mgonjwa ambaye zamani alipewa uboho na ndugu huyo huyo, na mwili ukakipokea kile kipande kama chake, kwa dawa kidogo au bila.

Karibu zaidi na sisi ni Pittsburgh tena, hospitali yao ya watoto, daktari Paul Szabolcs na wenzake. Walichukua watu waliozaliwa na kinga mbovu na mapafu yao yameharibiwa na maambukizi, watu ambao walikuwa wamekwama kwa milango ile ile miwili ya dada yangu. Mtu akifariki na familia ikakubali, wanachukua mapafu mawili, na kwa mtu huyo huyo wanatoa uboho kutoka pingili za uti wa mgongo. Uboho unachujwa, zile seli zinazoweza kumshambulia mgonjwa zinatolewa, halafu unagandishwa. Mapafu yanawekwa kwanza. Mgonjwa anapata nguvu, miezi inapita, ndio sasa anapewa dawa za kuandaa mwili na uboho unaingia. Ni watu wachache, na wachache kati yao wameweza kuachishwa zile dawa kabisa. Sitawadanganya kwamba ni rahisi. Uboho mgeni unaweza kugeuka upige mwili uliokaribishwa ndani yake, ngozi, utumbo, ini, hata mapafu yenyewe, na kuna watu wanafariki kwa hiyo. Na wale walikuwa na kinga mbovu, sio sikoseli, najua sio kitu kimoja. Lakini fundo ni lile lile.

Sasa sijaandika niwaambie mfungue upandikizaji wa mapafu Kisumu mwaka huu. Najua hata damu ya kawaida kwa benki kuna siku inakosa. Ninachosema ni kwamba kila hatua niliyoeleza hapo juu, ya Boston, ya Kyoto, ya Pittsburgh, inaanza na kitu kimoja ambacho sisi hatuna, nacho ni kujua nani analingana na nani na nani amekubali kutoa. Maabara ya HLA na orodha. Tupimeni na mtuandike.

Maabara ya kupima HLA iwekwe huku magharibi, Kisumu ndio katikati, na KEMRI, watafiti wa afya wa serikali, wapo Kisian miaka yote wanapima vitu vigumu kuliko hivyo, wataalamu tunao. Mtoto akizaliwa na kupatikana na sikoseli, ndugu zake wapimwe mapema na majibu yakae kwa faili yake kama vile chanjo zinavyoandikwa. Kama yuko wa kulingana, familia ijue mtoto akiwa na miaka mitano, sio akiwa na miaka 22 na amebaki na robo ya mapafu. Huo ndio upandikizaji wa mapafu wa bei nafuu kuliko wote, ule wa kutohitaji mapafu. Na wakati wanangoja wapewe haidroksiyurea bila kukatika, dawa hiyo inapunguza mashambulizi ya kifua na ilishathibitishwa kwa watoto wa Kilifi na wa Mbale hapo Uganda ng'ambo ya mpaka, sio dawa ya kuambiwa "imeisha rudi mwezi ujao". SHA, bima ya afya ya serikali, ilipe kipimo cha HLA cha familia nzima, sio cha mgonjwa tu, kwa sababu mgonjwa peke yake hana kazi na hayo majibu.

Halafu rejista ya watu wanaojitolea. Afrika Kusini wanayo tangu 1991, Nigeria walianza 2012. Kote duniani kuna zaidi ya watu milioni 40 wamejiandikisha kutoa uboho, na bado Marekani kwenyewe mtu mweusi akitafuta wa kulingana naye kwa rejista yao nafasi yake ni asilimia 29 tu, mzungu ni 79, kwa sababu sisi Waafrika alama zetu ni nyingi na zimetofautiana sana na tuliojiandikisha ni wachache. Ni vigumu sana Mmarekani alingane na mtoto wa Bondo. Wa kulingana naye pengine anauza omena Usenge, pengine anaendesha boda Mumias, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Watu wanadhani ukitoa uboho wanakukata mgongo na utalemaa. Wanadunga sindano kwa mfupa wa nyonga nyuma, ukiwa umelala kwa dawa, unaumwa kiuno siku kadhaa, na uboho unarudi wenyewe kwa wiki chache. Siku hizi mara nyingi hata sio hivyo, unapewa sindano siku chache za kusukuma seli zitoke kwa damu, halafu unaketi kwa kiti kama mtu anatoa damu. Mkiweka manesi kwa masoko na kwa stendi waeleze hivi kwa Kiswahili na kwa lugha zetu, mtapata watu. Mimi nimeongea na wamama wa Kibuye tu, bila fomu, bila tisheti, na wamama kumi na moja wameniambia wako tayari.

Ile ngumu ni ya marehemu, na hapa nataka kuongea polepole.

Huku kwetu mwili unarudi nyumbani. Tunasafiri na maiti usiku kucha ili azikwe pale babake alipozikwa, na lazima awe mzima. Nilipoanza kuongea juu ya kutoa mapafu na uboho wa mtu aliyefariki, shangazi yangu aliinuka akatoka nje ya nyumba. Sikumkasirikia, na nyinyi pia msidharau hiyo kitu mkiita ushamba, sio ushamba, ni mapenzi. Mwezi wa nne tulikuwa kwa matanga huko Vihiga, kijana wa boda aligongwa na lori, alikaa kwa mashini siku mbili ubongo umekufa moyo bado unapiga, halafu wakaizima. Usiku karibu na moto babake akaniuliza, wewe uliyesoma mambo ya dada yako, hawa walipokuwa wanangoja kuzima, kuna kitu kingeweza kutolewa? Nikamwambia, kama kungekuwa na watu wa kazi hiyo, ndio, figo, ini, pengine mapafu, na uboho wa mgongo. Akauliza, na wangemrudisha vipi? Nikamwambia wanamshona, wanamwosha, unamvalisha suti yake, ukifungua jeneza humwoni tofauti. Akakaa kimya muda mrefu sana, anasukuma kuni na mguu. Kisha akasema, hakuna mtu alituuliza.

Hakuna mtu alituuliza. Nimeibeba hiyo sentensi tangu siku hiyo.

Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kusema akiwa hai kwamba akifariki viungo vyake visaidie wengine. Imeandikwa. Lakini nikitaka kusema leo, nasema wapi? Nani anaandika? Chifu? Nilienda ofisi mbili na hospitali moja, kila mahali wakanituma kwingine kwa upole. Wekeni fomu. Wekeni afisa mmoja kwa kila hospitali ya rufaa, mtu mwenye heshima na anayejua lugha ya kwetu, anayekaa na familia, sio kuwakimbiza, na wazee wa ukoo na wachungaji na maimamu wahusishwe kabla ya msiba wowote, sio siku ya msiba.

Na najua mnaogopa nini. Mwaka 2025 tulisoma wote habari za vijana maskini wa huku na figo zao, na pesa walizoahidiwa, ilituuma. Watu wengine sasa wakisikia neno kupandikiza wanashika mfuko. Lakini angalieni venye biashara kama ile inaota, inaota pale ambapo hakuna orodha ya wazi, mgonjwa hana pa kuuliza isipokuwa kwa dalali. Orodha ya serikali yenye namba badala ya majina, mtoaji hamjui mpokeaji, hakuna senti inayopita kati yao, na kila kiungo kinafuatwa kutoka alikotoka hadi alikokwenda na mtu wa nje anakagua, hiyo ndiyo itawafungia wale madalali. Mkiacha pengo kwa sababu ya kuogopa, wao ndio watalijaza tena.

Juu ya madaktari sitasema mengi, nyinyi mnajua. Pelekeni vijana wachache wakasomee uboho na wengine mapafu, na mfanye wakae meza moja tangu mwanzo. Nimeona kwa dada yangu venye daktari wa damu yuko jengo moja Jumanne na wa kifua jengo lingine Alhamisi na faili haifiki, na ugonjwa wenyewe ni mmoja. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kupima HLA kunaweza kufikiwa. Karatasi ya kujiandikisha inaweza kufikiwa.

Na ile oksijeni, kwa sababu siwezi kumaliza bila kuisema. Wagonjwa wa oksijeni ya nyumbani waandikwe kwa kaunti, wapewe silinda ya akiba iliyojaa na namba ya kupiga stima ikipotea. Wa TB waliopona na mapafu yakabaki na mashimo wanaihitaji pia, na wamama waliopikia kuni miaka arobaini. Hao hawahitaji uboho wa mtu, wanahitaji kulala bila kuogopa stima.

Dada anajua nawaandikia. Nilimsomea jana jioni, akanisimamisha pale pa mimi kulingana naye, akasema, andika kwamba sijakata tamaa lakini usiandike kama unawaomba kwa ajili yangu, waombe kwa ajili ya yule mdogo wa kliniki. Anamaanisha kijana mmoja wa miaka sita tunakutana naye kila mwezi, ana sikoseli, kifua kimemshika mara mbili tu, bado anakimbia kwa veranda manesi wakimkemea. Ana dada watatu na kaka. Mama yao hajawahi kuskia neno HLA mpaka mimi nilipomwandikia nyuma ya kadi ya kliniki.

Kipimo chake kingefanywa mwezi huu, tungejua kabla ya Krismasi.

Mimi napatikana Kibuye, upande wa mitumba ya watoto. Jumapili ndio siku kubwa ya soko na ndio siku yangu ya kula, lakini mkileta hizo fomu Jumapili nitafunga kibanda, na wale wamama kumi na moja wamesema watafunga pia.